Fundi Apima Barabara ya Pasua

Sikwenda kwa siasa.
Yule mgombea wa juzi alitugawia lita mbili mbili na fulana,
tukamsindikiza mpaka Bondeni, taa zinawaka mchana,
tairi la mbele hewani,
na leo nikadhani kijiwe kinaitwa tena kwenye neema.

Bi. Ndeonansia hakuwa na fulana.
Alikuwa na futi shingoni, ile ya njano iliyofutika namba,
aliyonipimia kaptura ya darasa la tatu
akaniachia pindo nene. "Huyu atarefuka."
Kipaza sauti kaazima kwa muuza dawa ya panya:
kila akikiwasha kinatangaza kunguni kwanza,
anakizima,
anaanza upya.

"Miaka ishirini na sita niko baraza ya Shirima,
cherehani imeelekea barabarani.
Mguu unakanyaga, jicho linahesabu.
Mimi nguo nazijua, na hii barabara ni nguo.
Ilikatwa bila kumpima mvaaji.
Inampwaya mwenye magurudumu,
inambana mwenye miguu mpaka anaangukia mtaroni.
Pindo lake, pale tulipotakiwa tutembee,
mmelishonea magari yenu
na vitanda vya Massawe."

Massawe akainamisha kichwa. Watu wakacheka.
Yeye hakucheka.

"Shika hapa," akanipa ncha ya futi.
Tukaingia barabarani, mimi na mama wa makamo,
lori la miwa likitupigia honi kama ng'ombe wake tumemwibia.
Mara sita tukaitandika futi, mara sita tukainua,
na kila mara akachora mstari kwenye lami
kwa chaki ileile ya kuchorea makwapa.

"Mita tisa. Mtoto wa chekechea, hatua ishirini.
Haya, Elirehema: hatua zake ishirini,
pikipiki yako inatoka wapi mpaka kufika hapa?"
Nilitaka kusema inategemea.
Nikaonyesha kule, kwenye mashine ya kusaga,
ambayo ukisimama hapa hata maandishi yake huyasomi.
"Basi mtoto anapoanza kuvuka," akasema,
"wewe bado hujazaliwa."

Kisha akashusha kipaza sauti,
akasema kwa mdomo mtupu, waliosimama nyuma hawakusikia:
"Dukani kwangu kuna sare mbili hazijachukuliwa.
Zimelipiwa zote."

Nilizijua. Wote tunaopaki pale tunazijua.
Moja ina mfuko wa kifuani
uliotariziwa herufi N.

Ahadi zake zilikuwa chache kama vifungo.
Matuta mawili. Rangi nyeupe ya kivuko kila mwaka,
masika yakishaisha, si wiki ya uchaguzi.
Taa moja kwenye kona ya mashine. Mtaro ufunikwe.
"Na kijiwe chenu kihame hatua thelathini kutoka kivukoni.
Hapo najua nimezipoteza kura zenu,
ila bora niseme sasa kuliko niwadanganye kwa soda."

Kimya.
Rogathe akapaza sauti kutoka juu ya tangi lake:
"Na mafuta, mama?"
"Ninayo ya cherehani. Lete kikombe."

Hapo ndipo tulipocheka kweli.

Kura yangu ni siri yangu na kalamu ya kule kituoni.
Mvua ya usiku ule iliondoka na chaki,
kufika asubuhi lami ilikuwa nyeusi,
haikumbuki kitu.

Ningependa kusema tangu siku hiyo napunguza mwendo.
Napunguza. Siku nyingi.
Jumanne nilimbeba abiria anayewahi basi la Tanga,
akanipigapiga bega, "kimbiza, kimbiza,"
nikapita mbele ya baraza ya Shirima kama upepo,
na cherehani ikanyamaza.

Sikugeuka.
Nilitupa jicho kwenye kioo cha pembeni,
nikaiona mistari sita, myeupe, imenyooka,
mahali ambapo haipo.