Mahali Alipozaliwa Babu

Dirisha namba tatu, Kigoma mjini.
Kalamu imefungwa uzi isije ikahama.
Jina: Nyamwiza Ntiruhungwa.
Kazi: kuchemsha chumvi, Uvinza.
Mahali alipozaliwa baba: Uvinza.
Mahali alipozaliwa babu:
hapo wino unagoma.

"Lafudhi yako," anasema afisa, "ina ng'ambo ndani."
Nacheka kidogo,
kicheko cha mtu anayehitaji muhuri.

Mwaka juzi nilimbebea mawe Ng'washi,
mtaalamu wa miamba, dada mrefu wa nyundo fupi,
elfu kumi kwa siku, na chai.
Kijiji kizima kilijua anatafuta dhahabu.
Yeye alikuwa anatafuta mshono.

Siku ya nne, juani, kilima kimetuchosha,
akapasua jiwe, akalilamba
(mtu mzima, ana digrii, analamba jiwe!)
akasema: hapa ndipo walipokutana.

Nani?

Nchi mbili, akasema.
Moja ilikuwa inakaa upande wa Tabora, kongwe, nzito, haina haraka.
Nyingine ilikuja.
Ilimeguka kwa mama asiyejulikana,
ikabebwa na milima yake mgongoni
kama utando unavyoteleza juu ya uji,
mwendo wa ukucha unavyoota, si zaidi,
na bahari katikati yao ikipungua, ikipungua,
hadi ikawa mfereji, hadi ikawa ufa,
hadi ikawa huu mstari mweusi, shika, uguse.

Lini?

Akaniambia nitie punje moja ya chumvi kwa kila mwaka.
Nikaanza kuhesabu kichwani, nikaacha.
Ni magunia.
Na magunia mgongo wangu unayajua.

Zilipogongana hapakuwa na sikio.
Hapakuwa na jani, wala nzi.
Mawe yalilainika kama mkate kwenye chai
yakakunjana, yakaoana kwa lazima,
na hakuna aliyeuliza kipande kile
kibali kimetoka wapi.

Kumbe mshono wa zamani hausahau sindano.
Ardhi ikichoka huchanikia palepale iliposhonwa.
Ziwa hili tunalofulia, linalotupa migebuka,
ni kitambaa kinachofumuka, polepole,
milimita mbili kwa mwaka, pengine tatu.
Shangazi yangu ameolewa Kalemie miaka thelathini sasa:
ziwa limemsogeza vidole vitatu kutoka kwetu
na hakuna aliyemwandikia barua.
Nauli ya meli imepanda kwa sababu nyingine.

"Babu," afisa anakumbusha.

Babu.
Wapo wanaosema alitoka Heru, anafuata chumvi.
Wapo wanaosema alivuka Malagarasi akiwa tumboni.
Bibi akiulizwa alikuwa anaongeza kuni,
moshi ukawa mwingi, sote tukatoka nje tukikohoa,
na swali likabaki ndani peke yake.

Nyuma yangu foleni inakohoa pia.
Mama mwenye mtoto. Kijana wa bodaboda, helmeti mkononi.
Mzee aliyeleta cheti cha ubatizo kimekula mende
mahali palepale penye jina la kijiji.

Feni inageuka, fomu zetu zinataka kuruka.
Zimekandamizwa na jiwe.
Nalitazama: la kijivu, lina mshipa wa waridi
umepinda mara mbili, kama mtu aliyelala vibaya.
Nilishabeba ndugu zake, kilo ishirini, siku kumi na moja.
Namjua huyu. Huyu si mwenyeji.

"Samahani, afande, jiwe hili mmelitoa wapi?"

Haangalii hata.
"Lipi? Hili? La hapahapa."

Basi nami nikaandika
kwa herufi kubwa, wino ukikubali:
HAPAHAPA.

Akasoma. Akavua miwani.
"Andika kata," akasema. "Na wilaya."