Kiota cha Sange

Nilidhani ni rundo la majani tu,
nikainama nilizoe, nikawashie jiko.
Likapumua.

Nikarudi hatua mbili, mzigo wa kuni kichwani,
na chini ya majani ya mkuyu ikachomoza pua.
Pua kwanza, pua peke yake,
ndefu, inapinda huku, inapinda kule,
inaihoji hewa kama karani wa sensa:
Nani kapita? Siafu wamehamia wapi?
Mvua ya ziwani imefika kisiwa gani?
Ndipo mwenye pua akafuata.

Sange!
Mgongo wa hudhurungi wenye madoa kwa mistari,
kama fundi aliyeishiwa kitenge
akaunga kipande cha drafti.
Miguu njiti za kiberiti,
ya nyuma imekunjwa, tayari kwa safari.
Mkia wa panya, ila panya usimwite.
Mgeni mmoja mwenye daftari aliniambia
ni ndugu wa mbali wa tembo.
Nilicheka hadi kuni zikamwagika.
Ndugu gani, hafiki hata kisigino?

Akaniona. Akaupiga mkia chini,
pa, pa, pa,
majani makavu yakaitikia,
na mahali alipokuwa pakabaki mahali.

Tangu hapo nahesabu viota,
nyuma ya misonobari ya Rubya,
katika kipande cha msitu wa zamani kilichosazwa.
Analala hapa siku mbili, tatu, anahama.
Anafukua kishimo, anavuta majani kinyumenyume,
anayashindilia kwa miguu ya mbele
kama mama mkwe wangu na unga wa muhogo kwenye debe.
Mchana anachokoa mchwa na mende.
Jua likizama, anaingia. Peke yake.

Ana mwenzi, nimemwona.
Eneo lao ni moja, vitanda viwili.
Wanakutana njiani, pua kwa pua,
kila mmoja anashika njia yake.
Dume akivuka mpaka, dume humkimbiza;
jike akivuka, kazi ni ya jike.

Wanawake wa Nansio huniuliza,
Nabwire, ndoa gani hiyo?
Magesa yuko Igogo, kiwandani,
anachuna minofu ya sangara.
Meli humleta mwisho wa mwezi
ananuka barafu,
analala siku mbili, tatu, anahama.
Nami nasikia kuna jike mpakani,
anauza chai geti la kiwanda,
anamjazia kikombe hadi ukingoni.
Mimi niko ng'ambo ya maji
na sina mkia wa kupiga chini.

Majani makavu siku hizi siokoti.
Jiko nawasha kwa karatasi,
kwa barua ya zamani ikibidi.

Leo asubuhi rundo lilikuwa kimya.
Nikapiga magoti, nikaingiza kiganja
taratibu, kama mwizi.
Hakuna mtu.
Joto lilikuwa bado halijaondoka.