Ngapi Leo?

Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya kuwasha makaa,
nashuka na futi yangu ya kushonea
hadi nyuma ya choo cha Mama Cito,
pale kilima cha Funu kilipofumuka mshono.

Misumari miwili ya inchi sita:
mmoja upande wa huku, mmoja upande wa kule.
Naweka futi, nainama, nasoma.
Narudi kuandika kwenye daftari la vipimo vya wateja,
ukurasa wa nyuma, ili kiuno cha bibi harusi
kisichanganyike na kiuno cha mlima.

Jumatatu: sentimita kumi na moja, milimita mbili.
Jumanne: vilevile.
Jumatano mvua usiku kucha; chupa niliyoikata shingo
imejaa hadi alama ya tatu.
Ufa: milimita nne zaidi.

Walionifundisha ni vijana wawili wa chuo,
viatu vyeupe siku ya kwanza, vyekundu siku ya pili.
Walisema: mama, udongo huu ukilewa maji hauna adabu.
Walisema: mlango ukianza kukwama, usimlaumu seremala.
(Wangu ulikwama tangu Pasaka,
na seremala nilikuwa nimeshamtukana.)

Wahenga walituachia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Niliuziba. Kwa saruji, kwa kokoto, kwa deni.
Mvua tatu tu, ukafunguka pembeni ya kiraka,
kama kitambaa kilichooza unachokishona kwa uzi mpya.
Upo ufa usiozibika. Huo unakesha nao,
kama mgonjwa.

Kule chini Balagizi alichimba udongo wa matofali,
akiukata mlima vidole vya miguu, toroli baada ya toroli.
Nilimwambia: unatukata pindo, baba, nguo nzima itaporomoka.
Akacheka: mlima huu ulikuwepo kabla ya Wabelgiji.
Watoto wake watano wanakula toroli hizo.
Nikanyamaza. Sikuwa na jibu la kupika.

Halafu ule usiku wa Novemba.
Sikungoja alfajiri, nilishuka na tochi ya simu:
sentimita tatu, kati ya chakula cha jioni na saa sita.
Nikagonga sufuria mpaka mpini ukang'oka.
Watu wakatoka, magodoro kichwani,
televisheni imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga,
tukalala madarasani, juu ya madawati, hadi kukapambazuka.

Kilima hakikuanguka.
Choo tu kiliinama, kama mzee anayeokota sarafu.

Matusi ya asubuhi ile yangejaza daftari jipya.
"Fundi wa nguo anatushonea hofu," alisema Balagizi,
godoro lake likichuruzika maji.

Lakini Jumamosi ya salongo alikuja, na toroli lake,
safari hii limebeba mawe.
Tulijaza magunia, tukayapanga mguuni pa mlima.
Tulichimba mfereji wa maji ya mabati yetu,
kila nyumba na kipande chake, na ugomvi wake.
Tukapanda vetiva, mche kwa mche,
na vidole vyangu vikaijua kazi hiyo bila kufundishwa:
choma, vuta, kaza.

Haitoshi, najua.
Mizizi inataka miaka; mvua inataka saa moja.

Ila hapa kwetu salamu imebadilika.
Hakuna anayeniuliza nimeamkaje.
Mama Cito anainua kichwa kutoka kwenye beseni la sambaza,
Balagizi anasimamisha toroli,
watoto wa shule, ndani ya sare nilizowashonea,
wanapaza sauti kutoka njia ya juu:

Ngapi leo?

Na mimi, futi shingoni, najibu: ileile.
Au nataja namba,
na sote tunageuka kutazama
mawingu yanayojikunja juu ya Kahuzi.