Nge wa Kėdainiai

Kaka yangu Vaidotas alikuwa Nge kwa miaka arobaini na minne.
Nge gazetini, Nge redioni,
Nge mweusi aliyechorwa kwa sindano nyuma ya mguu wa kushoto
na fundi mmoja wa Trieste aliyekuwa amelewa,
ndiyo maana mkia umepinda kama kulabu ya kutundikia koti.

Mita mbili na sentimita saba.
Hotelini alilalia kitanda na kiti.
Ukumbi ukijaa, watu walipiga miguu mpaka mbao zikalia:
Choma! Choma!
Naye akachoma. Pointi kumi na nane, ishirini na mbili,
kisha goti moja, kisha goti la pili,
kisha msimu mzima Ankara
ambao mishahara yake minne ingali njiani.

Mnajimu wa gazeti aliandika: Nge hasamehi.
Vaidotas akakikata kile kipande, akakiweka kwenye pochi,
na kwa miaka sita hakusema na Eimantas
aliyemkanyaga kifundo mazoezini.
Alitaka kusema naye. Naijua sura yake akitaka kitu.
Lakini nyota ilikwisha kusema.

Halafu fainali na Klaipėda, sekunde nne zimebaki,
mpira mkononi mwake, njia mbele nyeupe.
Akasita.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
kama mtu anayepima ipi nzito,
akampasia kijana wa miaka kumi na tisa
aliyekuwa peke yake konani, mikono imefunguka.
Kijana akakosa.

NGE ASIYE NA SUMU, likaandika gazeti.
Mtu akamwachia mama mlangoni
panya aliyekufa ndani ya kasha la viatu.
Kasha la namba arobaini na moja.
Hata matusi hayakumwenea.

Alistaafu mwezi Machi, bila maua.
Alinunua shamba kando ya mto Nevėžis,
akapanda matango, kama wapandavyo wote wa kwetu.

Mama alipofariki nilifungua kopo lake la vifungo.
Chini kabisa, chini ya vifungo vya koti la baba,
kulikuwa na kile kitambaa cha hospitali
wanachowafunga watoto mkononi.
Mvulana. Sentimita hamsini na nane.
Tarehe ishirini na mbili Oktoba, saa sita kasoro dakika kumi usiku.

Cheti kinasema ishirini na tano.
Baba alikwenda kumwandikisha akiwa hajalewuka,
akahesabu siku kwa vidole, vidole vikamzidi.

Nilikificha majira mawili ya baridi.
Utamwambiaje mtu wa umri ule
kwamba si Nge, ni Mizani?
Siku niliyomwambia alikuwa anaosha mitungi ya achari.
Alikisoma kile kitambaa, akakigeuza, akakisoma tena.
“Kumbe,” akasema.
Akaikausha mitungi yote, mmoja mmoja.
“Yule kijana alikuwa peke yake, Jolita. Kabisa.
Hata leo ningempa.”

Usiku ule alimpigia Eimantas simu.
Eimantas hakukumbuka kifundo chochote.
Waliongea habari za figo zake mpaka betri ikaisha.

Mimi si mshairi; maneno yangu hayana vina wala mizani.
Mizani anayo yeye, Jumamosi sokoni,
ya chuma, ya sahani mbili, imebanduka rangi.
Anaweka jiwe huku, matango kule,
anangoja zitulie,
kisha zikishatulia anaongeza tango moja
na kuiharibu hesabu yote.

Juzi mtoto aliona mguu wake chini ya kaptura.
“Babu, huyo mdudu wa nini?”
Akainama, safari ndefu ile, magoti yakilia,
mpaka macho yao yakawa sawa.
“Huyo? Huyo ni kosa la tahajia.”