Futi Sita kwa Tisa

Mama aliuliza mara moja tu, akichambua dagaa:
"Mtu ana nyumba Mbezi, ina geti na feni,
anaiacha, anakwenda Pugu kulala kibandani.
Na wewe ndiye unayemchorea?"
Ndiyo, mama. Namchorea.
Mimi niliyelipa kodi ya miezi sita
kwa chumba ambacho nikinyoosha miguu
mlango haufungi.

Labda ndiyo maana najua kubana.
Futi sita kwa tisa: vitanda viwili vya mianzi,
ubao mmoja, ukishushwa ni meza,
ukipandishwa unafunga dirisha.
Msumari wa kutundika viatu vyenye tope.
Pipa la kukinga maji ya paa.
Saruji hakuna. Nguzo nne juu ya mawe,
kila kiungo bolti,
ili siku msitu ukisema sasa basi,
watu watatu na spana moja
waubebe mzigo wote mabegani, washuke,
na majani yasahau.

Ndivyo nilivyoandika kwenye maelezo: majani yasahau.
Fundi Pazi alisoma, akakuna kidevu kwa penseli.
"Majani yatasahau. Mchwa je?"
Nikanyamaza.
"Na choo?"

Nikafuta, nikachora upya.
Karatasi ilitoboka pale nilipouweka mlango,
maana kila upande ulikuwa na mwenyewe:
mashariki mzizi wa mkongo, mnene kama paja,
kusini barabara ya siafu,
magharibi pango la machimbo ya udongo mweupe,
popo hutoka humo jioni kama moshi
wa nyumba inayoungua bila sauti.
Mlango tukauelekeza kaskazini.

Kaskazini ni mjini.
Usiku taa za Gongo la Mboto hufika hadi kizingitini,
ndege hushusha magurudumu juu ya vichwa,
na treni ikipita chini kule
kikombe kinatetemeka mezani.
Nilitaka kuchora mahali pa mbali.
Huku hakuna mbali.

Paa tulilitoa Buguruni: turubai la bango,
tangazo la dawa ya meno lililokwisha muda wake.
Upande wa rangi tukaugeuzia ndani.
Basi ukilala chali, juu yako
kuna nusu ya tabasamu,
jino moja kubwa kama mlango wa friji,
na maneno KILA ASU,
mengine yamebaki kwa muuzaji.
"Wageni wataota vibaya," alisema Pazi.
Akakaza bolti ya mwisho,
akacheka peke yake njia nzima ya kushuka.

Kabla watembea vilima hawajafika
na fimbo zao za kukunja,
masika yalifika.
Nikapanda alfajiri kukagua paa.
Ndani nikakuta kapu la uyoga,
kanga inachuruzika maji kwenye msumari wa viatu,
na mama mmoja ameketi wima ukingoni mwa kitanda,
yuko tayari kufukuzwa.
"Nimejistiri kidogo tu," akasema. "Sijagusa kitu."

Yapo niliyotaka kumwambia:
kwamba kitanda ni cha kugusa,
kwamba njia ile tuliyoipaka alama nyekundu
ni yeye na wenzake walioikanyaga hadi ikawa njia.
Lakini mdomo ukatoa la kazi:
"Panavuja?"

Akainua macho, akalitazama lile jino,
akatafuta, akanyoosha kidole.
"Hapa kwenye ulimi. Tone moja moja."

Daftari la wageni lilikuwa jipya, bado linanuka duka.
Akaliandika kwa herufi kubwa, kalamu ikikwaruza:
jina, SIKUDHANI BINTI MWINSHEHE.
Sababu ya safari, MVUA.
Unakokwenda, NYUMBANI.

Akabeba kapu lake, akashuka.
Uyoga mmoja aliuacha mezani, sijui kwa kusahau.
Nikatoa gundi mfukoni,
nikapanda kitandani na viatu vyangu vyenye tope,
nikaziba ulimi.