Shamba Lafi

Kalunde wa idara ya maji alikuja na duara la bati,
dumu la lita ishirini, na saa iliyopasuka kioo.
Hakuuliza nani ana kiwanja. Aliuliza:
wapi hapa, mvua ikikatika, hamwoni dimbwi?

Mwenyekiti akampeleka nyuma ya nyumba yake,
mbuga nyeusi, viti vimeshapangwa.
Akakita bati, akamimina, akatazama saa.
Maji yakakaa yakitutazama.
Tukanywa chai, tukamaliza. Yapo,
mpaka nzi akafia juu yake.

Kwenye ibambasi sururu ililia kama imegonga sufuria.
Karibu na shule palifaa, mchanga mtupu,
ila choo cha wavulana kiko hatua kumi na moja juu yake.
"Hapa," alisema, "mtakunywa mlichokitoa."
Mwalimu Lubango alicheka peke yake.

Mimi ni mchimba visima. Miaka kumi na tisa
nimezamia Uyui nzima, tochi kifuani,
nikiyafuata maji, nikiyapandisha, nikilipwa,
na kila kiangazi kamba inadai pima nyingine.
Sikuwahi kufikiri kwamba ninachochota ni deni.

Saa tisa tukafika kwangu,
luseni ya karanga chini ya jabali,
shamba nililolitukana mbele ya watoto:
lafi hili, halishibi, halikumbuki mvua ya jana.
Kalunde akamimina. Nilikuwa bado nafunga kamba ya kiatu.
"Yameenda."
Akamimina tena.
Yameenda.
Akaandika kitu, akakipigia mstari mara mbili.

Tukachimba mashimo matatu, na mtaro kutoka jabalini,
mawe, kokoto, mchanga juu,
na kidimbwi cha mbele, tope litue kabla ya kuingia.
Wapita njia wakasema: fundi karogwa,
anamwaga maji ardhini akiwa macho.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Hata mimi nimelelewa na maneno hayo.

Mvua ya Desemba iliingia humo usiku kucha,
kama mgeni anayeujua mlango.
Asubuhi sikuona kitu. Hilo ndilo gumu lake.
Karanga za mwaka ule tulinunua sokoni.

Septemba, kisimani kwa Mwashi, kule bondeni,
ndoo iligota maji kabla sijawa tayari.
Kamba iliyobaki mkononi nikaipima:
pima moja na shubiri.
Nikaikata. Nimeifungia mbuzi.