Kobe wa Tsiala

Miezi mitano kalala katika sanduku la viatu
chini ya kitanda, ghorofa ya nne, Kutaisi,
theluji ikipiga dirisha, nami nikipiga kelele peke yangu:
mkate mgumu, pensheni haba,
goti hili, goti hili.

Leo katoa kichwa.

Nimempa jani la kabichi. Kabichi tu.
Akalitazama kama mgeni aliyetoka mbali,
akalimega,
akafumba macho.

Kisha akajikokota hadi jua lilipoangukia,
upana wa leso, kwenye saruji ya roshani.
Akakaa.

Tsiala angecheka kuniona nimejibana hapo pembeni,
mkate uleule nimeuchovya chaini,
natafuna polepole.

Goti bado linauma,
ila upande mmoja lina jua.